MANAITI WA DERAYA NA MBUNG'O: Kwa nini Handeni hatukuwa na jeshi la farasi

Leo naomba tuache kidogo habari za bei ya mahindi na mgao wa maji, nataka tuongee vita. Kama una nusu saa tu ya kukaa kwenye mashine, usiogope, utamaliza na chenji itabaki.

Kisa chenyewe ni hiki. Juzi nilikuwa Korogwe mjini kwenye kibanda cha intaneti, nasubiri mashine iwe wazi. Mbele yangu vijana wawili wanaangalia filamu ya vita vya Ulaya ya kale, wale jamaa waliovaa chuma kuanzia kichwani hadi kwenye vidole, wako juu ya farasi, mikuki mirefu kama nguzo za umeme. Mmoja akamgeukia mwenzie: "Oya, unawaona hawa? Miaka mia saba iliyopita wenzetu wako hivi. Sisi Wazigua muda huo tunafukuzana na ngedere shambani." Wakacheka sana. Na mimi nikacheka, sitaki kuwadanganya. Ila nilivyopanda gari kurudi Sindeni lile neno likanikaa kooni.

Kesho yake nikamfuata mjomba wangu, yeye ana ng'ombe. Nikamwamkia, nikamuuliza: "Mjomba, hivi kwa nini huku kwetu hakuna farasi?" Akaniangalia kama nimeumwa. "Farasi? Umlete huku afe? Ng'ombe wenyewe tunawapigania kwa sindano, mjomba."

Jibu ni hilo hilo, wadau. Mimi nimekwenda kusoma tu ili niwaeleze lina uzito kiasi gani.

NAITI NI NANI HASA?

Waingereza wanamwita naiti. Wafaransa na Wajerumani jina lao lina maana ya mpanda farasi tu, basi. Alitamba Ulaya kuanzia kama karne ya 11 hadi ya 15. Mwanzoni alivaa deraya ya pete ndogo ndogo za chuma zilizosukwa pamoja kama wavu, maelfu ya pete, uzito kama kilo 10 hadi 15. Baadaye, kwenye karne ya 15, ikaja deraya ya vipande vya bati la chuma mwili mzima, kilo 20 hadi 25.

Hapa filamu zinatudanganya. Utaambiwa naiti akianguka hawezi kuinuka, mpaka anyanyuliwe kwa kamba na winchi. Si kweli. Kilo 25 ni nusu ya mfuko wa saruji, na zimegawanywa mwili mzima. Jamaa alifanya mazoezi tangu utotoni, alikuwa anakimbia nazo na kupanda farasi mwenyewe.

Siri yake kubwa ilikuwa kwenye kukaa. Tandiko lake lilikuwa na ukingo mrefu mbele na nyuma, na miguu imesimama kwenye vikuku vya chuma vinavyoning'inia pembeni. Mkuki anaubana kwapani. Kwa hiyo anayekuchoma hakuchomi kwa nguvu za mkono wake, anakuchoma kwa nguvu za mnyama wa kilo 400 au 500 anayekuja mbio. Ukiwa umesimama chini na rungu lako, hiyo ni balaa.

Sasa tupige hesabu ya kikwetu. Farasi mmoja anakula kama kilo 8 hadi 10 za majani na nafaka kwa siku. Anakunywa ndoo mbili za lita 20, joto likikaza hata zaidi. Akina mama na madada wanaopanga foleni ya ndoo huku kwetu kiangazi wanaielewa hesabu hii kuliko mimi. Na naiti hakuwa na farasi mmoja. Alikuwa na wa vita, wa safari, wa kubeba mizigo, pamoja na kijana wa kumhudumia na mhunzi wa kutengeneza deraya na viatu vya farasi. Ndiyo maana watawala wa Ulaya waliwapa watu hawa mashamba yenye wakulima ndani yake. Wakulima walilima na mmoja akaenda kupigana amevaa chuma. Kwa hiyo ukimwona naiti kwenye filamu, jua kuna kijiji kizima kimesimama nyuma yake hakionekani kwenye kioo.

Hata hivyo alikuwa anapigwa. Mwaka 1302 huko Kortrijk, nchi ambayo leo ni Ubelgiji, mafundi na wafumaji wa nguo waliosimama kwa miguu na mikuki waliwachakaza manaiti wa Ufaransa, kwa sababu uwanja ulikuwa na mitaro na tope. Mwaka 1346 kule Crécy wapiga mishale wa Uingereza wakafanya yao. Naomba ukumbuke hilo la ardhi. Farasi anatamba pale ardhi inapomruhusu.

AFRIKA WALIKUWEPO, TENA WENGI

Yule kijana wa Korogwe alikosea sehemu moja kubwa. Alidhani kuwa na farasi na deraya ni mambo ya Wazungu.

Angalia Misri. Wamamluki walikuwa watumwa walionunuliwa wakiwa vijana, wengi Waturuki, wakafundishwa farasi, upinde na mkuki mpaka wakawa jeshi, halafu wakaishika nchi. Tarehe 3 Septemba 1260, mahali panapoitwa Ain Jalut huko Palestina, waliwapiga Wamongolia, watu ambao nusu ya dunia ilikuwa inawakimbia.

Shuka Bornu, karibu na Ziwa Chad. Kule wapanda farasi walivaa nguo nene za pamba zilizoshonwa kama godoro, na farasi wakavishwa vilevile, wengine na deraya za pete juu yake. Usicheke, godoro la pamba linazuia mshale vizuri, na kwenye jua la kule chuma kitupu kingekuchoma. Wasafiri wa Kiingereza waliofika Bornu miaka ya 1820 waliwakuta bado wapo.

Njoo karibu zaidi, Ethiopia. Mwaka 1529 kwenye vita vya Shimbra Kure, Imamu Ahmad bin Ibrahim, yule anayeitwa Gragn, alilishinda jeshi la mfalme Lebna Dengel, na pande zote mbili zilikuwa na wapanda farasi. Ethiopia siyo mbali. Sasa kwa nini farasi wale hawakuendelea kushuka hadi kwetu?

MLINZI WA MLANGONI

Chukua ramani ya Afrika. Kuna ukanda mpana unaokata katikati ya bara, kutoka Senegal upande mmoja hadi Afrika Mashariki na kushuka Msumbiji, kama kilomita za mraba milioni 10. Ndani ya ukanda huo yupo mbung'o, wengine huku wanamwita ndorobo. Misri hayupo. Kwenye nyanda za juu za Ethiopia hayupo, kule ni baridi. Bornu ipo kaskazini ya mpaka wake. Handeni tupo ndani kabisa.

Mbung'o anaishi kwa damu tu, dume na jike. Akimnyonya nyati au pongo porini anachukua vimelea vinavyoitwa tripanosoma. Nyati haumwi, ameshazoea tangu enzi na enzi. Yule mbung'o akija kumng'ata farasi, anamwachia vimelea. Farasi anapata homa, damu inapungua, anakonda mpaka mbavu unazihesabu, miguu na tumbo vinavimba, kisha anaanguka. Ugonjwa unaitwa nagana. Msiuchanganye na ndigana, ile inaletwa na kupe. Ng'ombe anaumwa nagana, ila akitibiwa anaweza kupona. Punda anajitahidi kuvumilia. Farasi ndiye dhaifu kuliko wote.

Aliyegundua uhusiano huo kisayansi ni daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, huko Uzulu kwenye miaka ya 1894 na 1895. Lakini wafugaji walijua zamani kuwa pori fulani lina inzi wabaya na mifugo haipiti. Mjomba wangu hajamsoma Bruce.

Farasi ana adui wa pili huku, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma jioni. Huo unaweza kumuua kwa siku chache tu.

SENA: WALIPOMKOSA MCHAWI WAKAUA WATU

Sasa kuna watu walijaribu kuingia bara na farasi zao kupitia upande huu wa Bahari ya Hindi. Hapa hadithi inakuwa mbaya.

Mwaka 1569 mfalme Sebastião wa Ureno alimtuma Francisco Barreto, mtu aliyewahi kuwa gavana wa Wareno huko India, aende kuteka dhahabu ya Mwenemutapa, kwenye nchi ambayo leo ni Zimbabwe na Msumbiji. Alitoka Lisbon na kama watu elfu moja. Enzi ya manaiti ilikuwa inaishia na bunduki zimeshaingia, lakini hawa ndio warithi wao: mabwana wenye vyeo, deraya, panga na farasi. Mwisho wa mwaka 1571 wakapanda mto Zambezi hadi Sena.

Sena palikuwa na wafanyabiashara Waislamu, watu wa mwambao wetu huu wa Waswahili, wamekaa pale miaka mingi wakibadilishana nguo kwa dhahabu na pembe. Wareno wakapiga kambi. Baada ya muda farasi wakaanza kufa. Wanajeshi nao wakaanza kufa, wengi kwa homa. Padri aliyekuwa na msafara, Monclaro, ambaye ndiye ametuachia habari hizi kwa maandishi, alikuwa na uhakika: Waislamu wametuwekea sumu. Kukawa na mtunza farasi aliyebanwa mpaka "akakiri". Ilivyo, wale wafanyabiashara walikuwa pia washindani wa Wareno kwenye biashara ya dhahabu, kwa hiyo kuwaamini ilikuwa kazi ngumu, na kuwashuku ilikuwa rahisi.

Wakakamatwa, wakauawa kwa mateso. Wengine walichomekwa kwenye miti wakiwa hai, wengine wakalipuliwa kwa mizinga. Mali zao zikachukuliwa.

Madaktari wa mifugo wanaosoma maandishi ya Monclaro leo wanabishana kama ilikuwa nagana au ule ugonjwa wa usubi. Vyovyote iwavyo, muuaji alikuwa mdudu. Hakuna aliyeweka sumu. Barreto aliendelea na safari mwaka 1572, akashinda mapigano kadhaa kwa bunduki, lakini jeshi lake likaisha kwa magonjwa. Yeye mwenyewe akafia Sena mwaka 1573 bila kufika kwenye dhahabu.

Mimi hapa ndipo ninapoumia. Mtu mzima, amesoma, mnyama wake anakufa, hajui sababu, anamgeukia jirani. Huku kwetu ng'ombe akifa ghafla mara ngapi tumesikia jina la bibi wa watu likitajwa?

STANLEY NA FARASI WAKE WAWILI

Miaka mia tatu baadaye, Machi 1871, Stanley anatoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Ana farasi wawili, mmoja amepewa zawadi na Sultani Barghash wa Zanzibar. Hawajafika mbali, kwenye kijiji cha Kingaru, wote wawili wakafa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza Stanley alimpasua, akakuta tumbo lina minyoo. Akamzika. Mkuu wa kijiji akaja kudai nguo kama faini kwa kuzika mnyama kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamwambia sawa, namfukua namwacha juu aozee hapa hapa kijijini. Mzee akafikiria ile harufu, akasamehe faini. Teh teh! Ila ona, hata huyo mwenye hela za gazeti la New York alitembea kwa miguu na punda.

1916: WAPANDA FARASI WALIFIKA HANDENI

Wengi hatujui hili. Askari wa farasi walifika hapa hapa kwetu. Vita Kuu ya Kwanza, jenerali Jan Smuts anawafukuza Wajerumani kutoka Kilimanjaro, anafuata bonde la Pangani na reli ya Tanga. Katikati ya Juni 1916 majeshi yake yakaingia Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Smuts alitegemea sana vikosi vya farasi kutoka Afrika Kusini, watu waliozoea kuzunguka adui kwa kasi na kumtokea nyuma.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Farasi wakaingia kwenye pori la mbung'o. Kikosi kilichokwenda Kondoa mwezi Aprili kilishapoteza mamia ya farasi njiani. Agosti majeshi yakashuka kuelekea milima ya Nguru, na farasi wakaendelea kudondoka. Kufikia mwisho wa kampeni, farasi, baghala (mtoto wa punda na farasi), punda na ng'ombe waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Njia zilinuka mizoga. Waliobaki wakiitwa wapanda farasi walikuwa wanatembea kwa miguu, wenyewe wana malaria na kuhara, na wengi walirudishwa kwao mwisho wa mwaka ule.

Sasa jiulize, mnyama akifa, mzigo wake nani anaubeba?

Unabebwa na mtu. Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Uganda, huku kwetu na kwingineko. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Hata kabla, walikuwa na reli ndogo kutoka Mombo kuja Handeni ambayo vibehewa vyake vilisukumwa na watu kwa mikono. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kwa upande wa Waingereza tu ni karibu 95,000 au zaidi, wengi kwa kuhara, homa na chakula kibovu, risasi iliua wachache. Ukishuka Dar es Salaam ukaenda kununua simu au viatu Kariakoo, jua jina hilo limetoka kwa wale wapagazi. Kambi yao ya kikosi cha wabeba mizigo, kwa Kiingereza Carrier Corps, ilikuwa pale. Midomo yetu ikalilainisha likawa Kariakoo.

Kwa hiyo mbung'o alitukinga na wapanda farasi, lakini ametutoza. Bila farasi, bila mikokoteni ya ng'ombe, karne na karne kila kitu katika nchi hii kilisafiri juu ya kichwa cha binadamu: pembe, chumvi, mahindi, na mwisho risasi za vita vya watu wengine.

JE, WAZEE WETU WALIKAA TU?

Hapana. Walipigana kwa namna ardhi ilivyowaruhusu, kwa miguu, kwenye vichaka, na nyuma ya maboma ya miti. Karne ya 19 bunduki zilipoingia kutoka pwani, Wazigua walizipata mapema na kuutikisa ufalme wa Wasambaa. Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888 hadi 1890, na boma zake ziliwasumbua kweli kweli. Farasi angemsaidia nini kwenye kichaka kile?

Na mbung'o walikuwa wanapambana naye. Mashamba yakilimwa, vichaka vikifyekwa na kuchomwa karibu na makazi, mbung'o anakosa kivuli na kurudi nyuma. Ndivyo vijiji vya Uzigua viliweza kuwa na ng'ombe. Miaka ya 1890 ikaja sotoka ikamaliza ng'ombe, wakaja nzige, njaa na vita vya Wajerumani, watu wakatawanyika. Mashamba yakarudi pori, na pori likarudisha mbung'o. Mizigo yote hiyo ilikuja kabla ya farasi wa Smuts kufika.

Mwisho nawapa habari ya kujivunia. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na mbung'o wake. Kati ya mwaka 1994 na 1997 walimwagwa kwa ndege zaidi ya mbung'o dume milioni 8 waliopigwa mionzi wakawa tasa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, akikutana na dume tasa habari yake imeisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Wale madume walikuwa wanazalishwa wapi? Tanga! Kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, mkoa wetu huu huu, na Watanzania ndio waliokuwa wanawalisha damu kila siku.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Korogwe, kama unasoma hapa, sikukasirikia. Filamu ile ni nzuri, hata mimi nitaimalizia. Ila ukimaliza usituhesabie ngedere. Mtu wako wa chuma angetua Handeni, miezi michache tu angekuwa anatembea kwa miguu, deraya iko kwenye kichwa cha babu yako, na wakati huo huo anamtafuta mchawi aliyemroga farasi wake.

Naomba kuwasilisha. Wenye wazee waliosimuliwa habari za vita ya 1916 au za ukapagazi upande wa Sindeni, Kwamatuku, Misima na Segera, tafadhali mwageni hapo chini kabla hawajatuacha na hadithi zao. Tuko pamoja.